Mhariri, vizazi kumi tutavitoa wapi?

Mhariri,

Gazeti lako hunifikia hapa Tororo limechelewa siku moja, siku nyingine mbili, mkononi mwa kijana wa boda anayelichukua Malaba pamoja na mikate. Kwa hiyo niwie radhi nikijibu barua ambayo wasomaji wengine wamekwisha kuifungia karanga. Ni ile ya ndugu aliyetushauri, mwaka ulipoanza, kwamba kila familia ijiwekee lengo la kuandika nasaba ya vizazi kumi kabla Desemba haijaisha, na kwamba atakayeshindwa ni mvivu au hapapendi kwao.

Mimi si mvivu, na kwetu napapenda. Tangu 2012 naandika habari za ukoo wangu katika leja kubwa ya jalada la kijani. Upande wa baba nimefika vizazi vinne, nikijihesabu mwenyewe. Upande wa mama vitano, na hicho cha tano kimeandikwa kwa penseli. Naomba nafasi nieleze ubaya wa lengo la aina ile, maana niliwahi kujiwekea mimi, tena la vizazi saba tu, likanifanya mwongo mbele ya watu.

Nilikuwa karani wa mizigo wa reli, kwenye ghala la Tororo tuliloliita gudishedi. Baba alikuwa wa reli, babu alikuwa wa reli. Baba ni Msamia wa Busia, mama ni Mgisu wa milimani juu ya Mbale. Nyumbani kwenye kota tulisema Kiswahili kwa sababu mlango wa kushoto alikaa Mteso, wa kulia Mjaluo, na mbele yetu fundi mmoja wa kutoka Tanga aliyetukosoa ngeli kabla hatujaota meno.

Kila Januari pale kazini yalishuka makisio ya mwaka: tani ngapi za saruji, ngapi za pamba, ngapi za kahawa. Aliyeyatunga alikaa mbali, na sisi wa chini tulijua mabehewa hayapo. Karani aliyetaka kufikisha makisio bila mabehewa alibaki na chombo kimoja, nacho ni kalamu. Nimeona tani zikipita kwenye karatasi ambazo hazikupita kwenye reli. Sikudhani siku moja nitawafanyia hivyo wazee wangu.

Januari ya 2012, nilipokuwa nimeachishwa kazi na nina muda kuliko pesa, nilifungua leja mpya nikaandika kwa wino: vizazi saba, kitabu cha kurasa mia tatu, wazee wote wahojiwe, safari ya Nairobi kuangalia makaratasi ya reli. Nikapiga mstari chini kwa rula. Ukurasa ulipendeza.

Kufika Agosti nilikuwa na jina langu, la baba, la babu, na la baba yake babu, basi. Juu ya hapo kila niliyemuuliza aliangalia paa. Ndipo binamu yangu mmoja wa Kampala akanitumia kwenye simu mchoro mzuri wenye rangi, unaotuunganisha na nyumba ya Nabongo Mumia. Upande huu wa mashariki ukilitaja jina hilo, hata mtoto hugeuka: mtawala wa Wanga, ambaye mjini kwake misafara ya pwani ilipiga kambi kabla ya kuingia Uganda, na aliyefariki 1949. Ushahidi wa binamu ulikuwa mmoja, nao nilikuwa nao hata mimi: babu yetu, akiwa na pombe kichwani au bila pombe, alizoea kusema, "Sisi tumetoka kwa Mumia."

Kwa Mumia! Ningekuwa na akili yangu ya gudishedi ningejiuliza kwanza kwamba Mwanga na Msamia si mtu mmoja, na pili kwamba koo zetu hazifanani hata kwa miiko. Lakini nilikuwa na makisio ya kufikisha. Nikanakili vizazi vitatu kutoka kwenye simu, kwa wino, nikajaza saba yangu.

Mwaka uliofuata tulikuwa na matanga ya ami yangu. Usiku wa tatu nikapewa nafasi nisome. Nilipofika kwa Nabongo, Shangazi Mkubwa, dada yake baba, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia miaka tisini, alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hata wapishi nyuma ya nyumba waliisikia: "Wee karani, baba yangu alizaliwa kwa Mumia kwa sababu babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu, mguu ukavimba, akakaa pale misimu miwili mitatu, mtoto akazaliwa. Kama kila aliyezaliwa karibu na boma la mfalme ni mwana wa mfalme, basi na kuku je?"

Kwa muda mrefu vijana wa ukoo waliniita Nabongo. Wapo wanaoniita mpaka leo.

Lugha yetu hii hii ndiyo iliyotutega. "Kwa Mumia" ni nyumbani kwake, na pia ni jina la mji ule wote, ambao ramani za leo zinauita Mumias. Babu alisema mji, sisi wenye njaa ya ukuu tukasikia nyumba. Nilikuwa nimeandika vizazi vitatu vya watu wasio wangu ilhali mtu wangu halisi, mpagazi mwenye mguu uliovimba, alikuwa anangoja mtu amuulizie. Mhariri, huyo mpagazi sasa ana kurasa nne kwenye leja yangu, na ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Shangazi hakuishia kucheka. Asubuhi aliniita akanipa kopo la bati lililokuwa limefungwa kwenye kanga. Ndani kulikuwa na kipande cha babu, ile karatasi ya usajili ambayo serikali ya kikoloni ya Kenya iliwalazimisha wanaume Waafrika kutembea nayo kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wengi walikitupa siku walipoweza. Babu alikitunza, sijui kwa chuki au kwa heshima. Kipande kiliandikwa mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa, na kwa karani hiyo ni sherehe. Nilimwona babu yangu kijana, kibarua wa kulaza mataruma kwenye njia iliyokuwa ikipanda kuelekea Eldoret, ambako reli ilifika 1924. Jina lake limeandikwa kwa namna tatu tofauti na mikono mitatu, hakuna hata mmoja uliopatia.

Lipo na jambo lingine ambalo matusi ya Shangazi yalinifungulia. Babu alishikilia mpaka kufa kwamba alizaliwa Uganda. Sisi wajukuu tulimcheka, maana kwa Mumia ni Kenya, na alipotuona tunacheka alisema, "Mimi sikuhama. Mpaka ndio ulihama." Tulidhani ni maneno ya uzee. Kumbe mpaka Aprili 1902 eneo lile lote, Kisumu, Mumias, hadi kufikia Naivasha, lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ndipo likahamishiwa upande wa pili. Kwa hiyo babu alisema kweli, na katika kusema kweli alinipa tarehe ambayo hakuna cheti kingenipa: alizaliwa kabla ya 1902, au basi miezi michache baadaye, watu wakiwa hawajazoea. Msomaji ambaye babu yake "aliongopa" kuhusu alikozaliwa, na aangalie kwanza mpaka ulikuwa wapi mwaka huo.

Sasa nirudi kwa ndugu wa vizazi kumi. Ugomvi wangu naye ni kwamba amepima kitu ambacho hakimo mikononi mwa mtu. Idadi ya vizazi inategemea marehemu waliacha nini, na marehemu hawapokei makisio. Kilichomo mikononi mwangu ni nauli, siku, maswali, na kurasa nitakazoandika kabla mkono haujaanza kutetemeka zaidi. Tangu fedheha ile ya matanga naandika malengo yangu kwa hivyo vinne tu. Silengi tena kumpata baba yake mpagazi. Nalenga kwenda mahali fulani, siku fulani, kumuuliza mtu fulani neno fulani. Nikienda nikauliza, lengo limetimia, hata kama nimerudi mkono mtupu.

Usidhani basi nimekuwa hodari. Mwaka 2016 lengo lilikuwa kumrekodi Shangazi Mkubwa vikao sita. Nilirekodi vinne, kwa simu, vizuri kabisa, mvua ikisikika juu ya bati na yeye akimkaripia mbuzi katikati ya habari za mpagazi. Nikasema nitaviandika vyote nikimaliza cha sita. Simu ikaibwa kwenye kituo cha teksi, nikiwa nimeiweka mfuko wa shati kama mshamba. Sikumwambia Shangazi. Niliona haya, nikangoja ninunue nyingine ndipo nirudi kana kwamba hakuna kilichotokea, na wakati nangoja akafariki. Vikao vinne vya mwanamke aliyeukumbuka mgongo wa baba yake akitoka kazini, na mimi nimebaki na karatasi moja niliyoandika kwenye basi, ubavu mmoja tu.

Kwa hiyo lengo langu la kudumu, lisilobadilika mwaka hadi mwaka, ni hili: kikao hakijaisha mpaka kimeandikwa kwa mkono usiku huo huo na kupigwa fotokopi wiki hiyo hiyo. Nakala moja inabaki kwa mwenyewe aliyesimulia. Nyingine inakwenda kwa mpwa wangu wa Jinja, ambaye haisomi, lakini ana kabati lisilovuja.

Kuna hazina moja ambayo sijaona mtu akiisema, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo iliyonipa mengi kuliko ofisi yoyote. Ni daftari la matanga. Kila msiba wetu una mtu anayekaa mezani karibu na mlango na daftari la shule, anaandika nani ametoa nini. Watu wanadhani ni hesabu ya pesa. Mimi nimeandika hesabu maisha yangu yote, nawaambia ile ni nasaba. Hakuna anayetoa bila kusema anatoa kama nani: "wakwe wa marehemu," "wajukuu wa upande wa Bibi Mdogo," "mtoto wa dada yake." Ndoa ambayo haikuandikwa kanisani wala serikalini imeandikwa pale, kwa kilo mbili za sukari. Na anayekosekana pale bila sababu, huyo naye ni habari.

Mwaka wa 2018 lengo langu lote lilikuwa kuyakusanya. Kaka yangu, aliyekuwa mweka hazina wa ukoo, alikuwa nayo kwenye sanduku chini ya kitanda, thelathini na moja, la zamani kabisa la 1984. Mchwa walikula mawili. Nikayasoma mfululizo jioni baada ya jioni, mke wangu akiniuliza kama nimemaliza marehemu nikalale.

Katika daftari la 1988 kuna jina la Mteso, wa mji wa Kumi, ametoa shilingi mia tano na jogoo mmoja. Sikumjali. Katika la 1989 yumo tena, jogoo mmoja, na wakati ule Teso ilikuwa vitani, njia hazipitiki. La 1994, yumo. La 2003, yumo. Pesa zinapanda kwa kupanda kwa bei, lakini jogoo ni mmoja siku zote, na safu ya "kama nani" haikuandikwa kitu. Karani yeyote akiona safu iliyoachwa wazi mara zote hizo hawezi kulala. Nilimuuliza kaka, akasema labda ni rafiki wa reli. Niliwauliza wengine, wakaangalia paa, lile lile paa.

Nikapanda basi kwenda Kumi. Nilimkuta mzee mwenye umbo la baba yangu, miguu ya baba yangu, hata namna ya kukohoa kabla ya kujibu. Reli ya kwenda Soroti ilipokuwa inalazwa mwishoni mwa miaka ya 1920, babu alikaa kule, akaoa kule, akazaa, kisha kazi ikamsogeza na mke akakataa kusogea. Mtoto wao alikuwa baba wa mzee huyu. Walijua tulipo, siku zote. Hawakutaka chochote, walikuja kuzika ndugu zao wakakaa nyuma, wakatoa jogoo, wakarudi. Miaka thelathini tumekula jogoo wa ndugu yetu bila kumuuliza jina la baba yake. Nilipomwonyesha fotokopi za yale madaftari alicheka akasema, "Nilijua yupo atakayesoma."

Nilirudi nikaandika ukurasa wake. Na hapa ndipo nilipojifunza lengo jingine, ambalo wanaoandika habari za koo hulisahau. Kabla ya kumpa mtu mwingine kuusoma nilirudi Kumi nikamsomea. Aliusikiliza wote, akaomba mistari miwili itolewe, inayoeleza kwa nini bibi yake alikataa kusogea. Niliitoa mbele yake kwa wembe. Sijaiandika popote pengine, na wewe usiniulize. Kila mwaka sasa natenga siku za kurudisha kurasa kwa wenyewe, na safari hizo hula nauli nyingi kuliko za kutafuta habari mpya. Ndugu wa vizazi kumi hakuzitaja.

Upande wa mama mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu Wagisu wana kalenda yao. Imbalu, yaani tohara yao, hufanywa kila mwaka wa shufwa, na kila msimu una jina lake, kwa jambo lililotokea. Mjomba wangu huweza kuyataja majina hayo akirudi nyuma, miaka miwili miwili, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Ukijua mtu alitahiriwa msimu gani, umekadiria amezaliwa lini, maana kwa kawaida ni kijana wa miaka kumi na sita hadi ishirini na kitu. Babu mzaa mama alitahiriwa msimu uliofuata nzige wakubwa wa 1931, yaani 1932. Nikimpa miaka kumi na minane, alizaliwa 1914 hivi. Hapo penseli inatosha.

Mwaka huu ni wa shufwa. Kwa hiyo nimepanga mwaka mzima kuizunguka Agosti, msimu unapofunguliwa Mutoto, pale Mbale. Wajomba walioko Kampala, Nairobi na Bugiri watapanda mlimani kwa ajili ya vijana wao, na watu wa rika moja wataketi pamoja na chungu chao cha pombe. Mimi nitaketi nao na maswali matatu, si thelathini. Kwenye pombe, swali la nne halijibiwi. Wanaopanga malengo yao Januari kwa kuangalia kalenda ya ukutani wanapoteza nauli. Panga kwa kuangalia ni lini watu wako wanakutana bila wewe kuwaita.

Kabla ya hapo, mwezi wa Juni, nakwenda misheni ya Nyondo, alikobatizwa mama. Nimekwisha kwenda mara moja. Mapadri wa Mill Hill walifika Uganda 1895, wakaeneza misheni zao huku mashariki, na vitabu vyao vya ubatizo viliandikwa kwa Kilatini: tarehe, jina, baba, mama, msimamizi. Mara ya kwanza nilinakili mstari wa mama nikaondoka nikifurahi, kama mpumbavu. Miezi baadaye mwalimu mmoja wa katekisimu aliniuliza, "Na pembeni palikuwa na nini?" Sikujua. Akanieleza kwamba Mkatoliki anapofunga ndoa, hata iwe parokia ya mbali, habari hurudishwa alikobatizwa na kuandikwa ukingoni mwa mstari wake. Kwa hiyo tarehe ya ndoa ya wazazi wangu, ambayo baba aliisahau na mama aliificha kwa sababu zake, pengine imenikodolea macho na mimi nikafunga kitabu. Lengo la Juni: kuangalia pembeni.

Baba mkubwa aliyekwenda Burma na King's African Rifles, jeshi la kikoloni, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hakurudi. Orodha za makaburi ya vita zinapatikana bure kwenye intaneti, na nimewakuta wanajeshi watatu wenye jina lake. Wamewekwa jina moja tu, bila la baba. Mnara mmoja ulioko karibu na Rangoon peke yake una majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi. Kinachowatenganisha watatu wangu ni namba ya jeshi, nami namba sina. Mwaka huu nitaziuliza nyumba tatu ambazo huenda zilibaki na karatasi zake. Nikikosa, wale watatu watabaki watatu.

Wizara na ofisi nitazipita haraka. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa sasa iko Wandegeya, haiko tena Entebbe, na mtu wa Kampala hana udhuru wa kutokwenda. Mimi ni mtu wa Tororo, udhuru ninao, nitaenda mwakani.

Kilichonifanya niandike barua hii hasa ni simu tatu za mwaka jana, watu walipokuwa wanasajili upya vitambulisho vya taifa. Vijana watatu wa kwetu, kila mmoja amesimama kwenye mstari, waliniuliza jambo moja: ukoo wa bibi ni upi. Sikutaka kizazi cha kumi siku hiyo, wala wao. Walitaka jina la ukoo wa mwanamke aliyewalea, na hawakuwa nalo. Katiba yetu, inapoeleza nani ni raia kwa kuzaliwa, inataja jamii zilizokuwepo Uganda tarehe 1 Februari 1926, na Wasamia wamo. Nimewahi kumuuliza kijana mmoja wa hao, babu yetu tarehe hiyo alikuwa wapi? Alidhani namtania. Kwa kipande kile, Mhariri, alikuwa upande wa pili wa mpaka akilaza mataruma, na hakuna aliyemkatalia nyumbani kwake aliporudi. Lakini ningependa vijana wetu walijue hilo kutoka kwetu kabla hawajaulizwa na mtu mwenye mhuri.

Basi kitabu cha kurasa mia tatu nimekifuta. Mahali pake naandika ukurasa mmoja kwa mwezi, mtu mmoja kwa ukurasa, pande zote mbili. Yule fundi wa Tanga alitufundisha tukiwa watoto kuhesabu kwenda chini: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Kwenda juu Kiswahili kinafika babu kisha kinaanza kubabaisha: baba wa babu, babu wa babu. Nimeona nisishindane na lugha. Ukurasa wangu namwandikia kitukuu ambaye hatanijua, na ninajitahidi kuandika vitu atakavyovielewa: bei ya nauli, mtu alikuwa mrefu kiasi gani, alikuwa anakula nini akikasirika. Kumi na mbili kwa mwaka. Mwaka jana niliandika tisa. Mwaka juzi saba, lakini nilikuwa na malaria.

Wa mwezi huu ni wa Shangazi Mkubwa. Nimeuahirisha tangu 2016 kwa aibu ya ile simu. Ninayo karatasi moja ya kwenye basi, ubavu mmoja, na dada yake mdogo wa mwisho bado yuko hai Busia, masikio mazito lakini kichwa kizima. Nimemtumia salamu kwamba naja Jumamosi na kilo mbili za sukari na sabuni, na kwamba nina jambo la kumwungamia kuhusu dada yake. Amejibu kupitia mjukuu wake kwamba sukari nilete nne. Kama gazeti la Jumamosi litakuwa na jibu la yule ndugu, mwambie kijana wa boda aniwekee. Nitarudi Jumapili jioni.

Karani mstaafu wa reli,
Tororo